Kidonge cha Usiku: Dawa ya Kifafa Ikishaingia Kichwani Inafanya Nini?

Bibi mmoja wa Bahi aliniuliza swali dirishani, nikamjibu vibaya. Ilikuwa siku ya kliniki, foleni imetoka nje hadi chini ya mwarobaini, na jua la Dodoma lilikuwa limeshapanda. Mjukuu wake, kijana wa miaka 14, alikaa kwenye benchi akitazama miguu yake. Mkono wa kushoto ulikuwa na kovu pana la moto, ngozi imejikunja kama mfuko wa nailoni uliosogezwa karibu na mshumaa. Sisi tunaokaa dirisha la dawa kovu hilo tunalijua bila kuuliza. Aliangukia mafiga.

Nikahesabu vidonge vya fenobabitali, vile vyeupe vidogo, nikaandika kwenye bahasha 1x1, nikachora na mwezi kwa sababu bibi hasomi. Akavifunga kwenye pindo la kanga. Halafu akasogeza uso kwenye nondo za dirisha, akashusha sauti kama mtu anayeulizia bei: "Mwanangu, niambie kweli. Hiki kidonge kinamponya, au kinamlaza tu?"

"Kinamsaidia, bibi. Asikose hata siku moja." Nikaita namba inayofuata.

Hilo ni jibu la mtu mwenye foleni. Swali la bibi lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni, na wanaoliuliza ni wengi. Wengine hawaulizi, wanajijibu wenyewe: anayeamini dawa inaponya huiacha akiona miezi mitatu imepita bila kuanguka, na anayeamini inalaza tu humnyima mtoto ili asisinzie darasani. Wote wawili wanaishia kwenye benchi lile lile. Kidonge kile hakimponyi kijana, na wala hakimlazi tu. Kinafanya kazi nyingine ya tatu, na kuieleza kazi hiyo inabidi tuanzie kwenye ngoma.

Aliyewahi kuwaona akina mama wa Kigogo wakipiga muheme ataelewa upesi. Wanabana ngoma katikati ya magoti, na kila mmoja ana pigo lake. Huyu anaweka msingi, yule anaingia katikati, mwingine anakatiza juu yao. Ukimsikiliza mmoja peke yake unaweza kudhani amepotea. Ukiwasikiliza wote, wimbo upo. Sasa fikiria wote, kwa ghafla, waangukie pigo moja, kwa nguvu, haraka haraka, wasiweze kuacha. Kelele itakuwa kubwa kuliko mwanzo lakini wimbo utakuwa umekufa.

Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na ukiwa mzima seli hizo hupiga kwa zamu na kwa kupishana. Kifafa kinapokuja, kundi la seli hupiga kwa pamoja, kupita kiasi, na kundi hilo linaweza kuvuta majirani. Likibaki sehemu moja, mtu anaweza kutikisika mkono tu, au kusikia harufu ambayo haipo, au kutafunatafuna huku macho yakiwa wazi na yeye hayupo. Likienea pande zote mbili za ubongo, anaanguka, anakakamaa, anatetemeka. Mapovu ni mate tu ambayo mtu hakupata nafasi ya kuyameza. Hayamwambukizi mtu chochote, ingawa nimeona watu wazima wakiruka nyuma kama wameona nyoka, na mgonjwa akiachwa aungue kwa sababu ya imani hiyo.

Kinachozifanya seli ziangukie pigo moja kinatofautiana. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya bodaboda, kiharusi, kurithi. Kuna pia mabuu ya minyoo tegu wa nguruwe, na hapa watu huchanganya: kitimoto ambacho hakikuiva kinakupa mnyoo tumboni, lakini mabuu ya kichwani yanatokana na mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, yakafika kwenye maji, mboga au mikono. Hata asiyekula nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata. Kwa watu wengi, hata hivyo, chanzo hakipatikani kabisa.

Chumvi, milango na wajumbe wawili

Umeme wa ubongo hautoki kwenye waya. Unatokana na chumvi. Nje ya seli ya neva kumejaa sodiamu, ndani kumejaa potasiamu, na seli inapotulia ndani yake huwa na chaji hasi ya kama milivolti 70 ukilinganisha na nje. Ukuta wa seli una milango midogo sana ya protini. Mlango wa sodiamu ukifunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo kama ng'ombe waliosikia harufu ya maji, chaji inageuka, na mshtuko unasafiri kwenye uzi wa seli hadi mwisho. Mshtuko mmoja huchukua kama elfu moja ya sekunde. Kisha potasiamu inatoka, seli inarudi ilipokuwa, inasubiri zamu nyingine.

Mshtuko ukifika mwisho wa uzi unakuta pengo dogo kabla ya seli inayofuata. Umeme haulivuki pengo hilo kwa kawaida. Kalsiamu inaingia, vifuko vidogo vilivyojaa kemikali vinapasuka pengoni, na kemikali ndiyo inayovuka kwenda kugonga vipokezi vya seli ya pili. Zipo kemikali nyingi za namna hii, ila kwa habari ya kifafa wakubwa ni wawili. Glutameti husema "piga". GABA husema "tulia".

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba wajumbe hawa wawili ni ndugu wa damu. Ubongo huchukua glutameti ile ile, huikata kipande kwa kutumia kimeng'enya kinachohitaji vitamini B6, na inatoka GABA. Anayechochea anageuzwa kuwa anayetuliza. Ndiyo maana mtu akinywa isoniazidi kupita kiasi, ile dawa ya kifua kikuu, anaweza kupata degedege kali: dawa hiyo inaivuruga B6, GABA inapungua, na glutameti inabaki uwanjani peke yake. Tiba yake hospitalini ni kumpa B6 yenyewe.

Ubongo mzima unaishi katikati ya hawa wawili. Ukiegemea sana kwa GABA, unalala. Ukiegemea sana kwa glutameti, pigo moja linaanza kutafuta wenzake. Mwenye kifafa ni mtu ambaye ukingo wake wa kuvuka uko chini kuliko wa wengine. Siku nyingi yuko sawasawa. Halafu anakosa usingizi usiku mmoja wa mkesha, au anapata homa, au anakunywa, au hakuna sababu yoyote inayoonekana, na ukingo unavukwa.

Karibu dawa zote tunazotoa dirishani hufanya kazi moja kati ya hizi: zinachelewesha milango ya chumvi, zinampa GABA nguvu, au zinampunguzia glutameti mdomo. Baadhi hufanya mbili kwa pamoja.

Mchungaji wa lango

Fenitoini na kabamazepini ziko kundi la milango. Ule mlango wa sodiamu una vizuizi viwili. Kipo kibao kinachofunguka ujumbe ukifika, na kipo kizibo kinachoruka kuziba tundu mara tu sodiamu ikishapita. Baada ya kuzibwa, mlango unahitaji kupumzika kidogo kabla haujaweza kufunguka tena. Dawa hizi huja kuushika mlango ukiwa kwenye hali hiyo ya kuzibwa na kuurefushia mapumziko.

Hapo ndipo palipo na ujanja. Seli inayopiga kwa mwendo wa kawaida, milango yake inapata muda wa kutosha kupumzika hata dawa ikiwepo, kwa hiyo haisumbuliwi sana. Seli iliyopagawa, inayopiga mamia ya mara kwa sekunde, kila mara inaikuta milango yake imeshikwa. Ni kama mchungaji aliyesimama kwenye lango la zizi: ng'ombe wanaotoka mmoja mmoja anawaachia, wakija kwa mbio na kubanana anaweka mti. Ndiyo sababu mtu anaweza kunywa kabamazepini na bado akafikiri, akahesabu chenji, akaendesha cherehani. Dawa inamlenga zaidi yule anayezidisha.

Kumlenga zaidi si kumlenga yeye peke yake. Dozi ikizidi, hata seli za kawaida zinaanza kucheleweshwa, hasa zile za nyuma ya ubongo zinazoongoza mizani ya mwili. Mtu anaona vitu viwili viwili, anayumba, ulimi unakuwa mzito. Majirani wanasema amelewa. Fenitoini ina kisirani chake cha ziada: ini lina kikomo cha kuitoa. Ukiongeza dozi kidogo huku ini limeshafika kikomo, kiwango kwenye damu hakiongezeki kidogo, kinaruka. Nimewahi kumwona mzee aliyejiongezea kidonge kimoja tu cha fenitoini kwa sababu "kilikuwa kinasaidia". Wiki iliyofuata aliletwa kwenye bajaji akiwa hawezi kusimama.

Yupo pia mtoto ambaye haanguki kabisa. Anasimama katikati ya sentensi, anatazama ukuta kwa sekunde kumi, kope zinapepesa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Shuleni huchapwa kwa kutosikiliza. Kifafa cha aina hiyo hutumia milango mingine, milango ya kalsiamu iliyo katikati ya ubongo, na mtoto huyo ukimpa kabamazepini unaweza kumwongezea matukio badala ya kuyapunguza. Dawa yake ni ethosuksimidi, inayoshika milango hiyo ya kalsiamu, au valproeti. Kwa hiyo daktari anapomkalisha mama na kumuuliza tukio linaanzaje, linaishaje, macho yanaelekea wapi, hapotezi muda. Anatafuta ni mlango gani. Siku hizi nawaambia wenye simu: mrekodi. Video ya nusu dakika inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kile cheupe kidogo

Sasa turudi kwa fenobabitali, kidonge cha bibi. Ni dawa ya zamani. Mwaka 1912 daktari kijana wa Freiburg, Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliitoa kwa wagonjwa wa kifafa ili walale usiku. Akagundua kwamba matukio yalipungua, na yalipungua hata mchana. Zaidi ya miaka 110 baadaye bado ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na vituoni huku kwetu ndiyo ambayo mtu wa Chemba au Mpwapwa ana uwezekano mkubwa wa kuikuta, kwa sababu ni rahisi na hunywewa mara moja kwa siku.

Inakwenda kwenye kipokezi cha GABA. Kipokezi hicho chenyewe ni mlango: vipande vitano vya protini vimezunguka tundu. GABA ikikaa mahali pake, tundu linafunguka, kloridi inaingia. Kloridi ina chaji hasi, kwa hiyo ndani ya seli kunazidi kuwa hasi na seli inakuwa ngumu kuchokozeka. Fenobabitali inakaa pembeni kwenye kipokezi hicho hicho na kufanya tundu likae wazi muda mrefu zaidi kila linapofunguliwa. Diazepamu, ile inayochomwa au kuwekwa njia ya haja kubwa mtu anapotikisika bila kukoma, inakaa sehemu nyingine ya kipokezi na kufanya tundu lifunguke mara nyingi zaidi. Mmoja anachelewesha kufunga, mwingine anaongeza kubisha hodi.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo lakini ina uzito. Diazepamu bila GABA haifanyi kitu. Inahitaji mwenyeji awepo. Fenobabitali ikiwa nyingi sana inaweza kuufungua mlango yenyewe, GABA isipokuwepo, na mtu akaacha kupumua. Ndiyo maana nasisitiza bahasha iwekwe mbali na wadogo. Pindo la kanga ni pazuri, mradi kanga isiachwe kitandani.

Kuhusu kulazwa, bibi alikuwa na haki ya kuuliza. GABA haipo kwenye eneo la kifafa tu, ipo ubongo mzima, na kidonge hakijui njia ya mkato. Kinapita kwenye damu, kinavuka kizuizi cha ubongo, kinaenda kila mahali. Penye kumbukumbu, penye usingizi, penye umakini. Wiki za mwanzo mtu husinzia, kisha kwa wengi usingizi unapungua kwa sababu ubongo unajirekebisha: unazoea kuwepo kwa dawa. Watoto wengine wanakwenda kinyume kabisa, wanakuwa wakorofi, hawatulii, na mama anakuja kulalamika kwamba dawa ya kutuliza imemletea mtukutu. Si uongo wake. Jambo hilo linajulikana na linastahili kusemwa kwa daktari ili abadilishe dawa.

Ila huko kuzoea ndiko kunakofanya kuacha ghafla kuwe hatari. Ubongo umeshapunguza juhudi zake wenyewe za kutuliza, ukijua kuna msaidizi. Msaidizi akiondoka usiku mmoja, unabaki umeegemea upande wa kuchokozeka kuliko hata kabla ya kuanza dawa. Pombe inafuata njia hiyo hiyo. Iwe mvinyo wa zabibu wa hapa mjini au pombe ya mtama, inagusa vipokezi vya GABA, inatuliza jioni, na asubuhi inapotoka mwilini inaacha ubongo umekaa juu ya kucha.

Simtanki

Dodoma kila mtu anajua simtanki. Maji ya mgao yanaingia kwa saa zake, bomba la chini linatoa siku nzima, na kinachokuokoa ni kiasi kilichobaki ndani. Dawa kwenye damu iko hivyo. Fenobabitali hutoka polepole: huchukua kama siku nne kupungua nusu. Kwa sababu hiyo hiyo hujaa polepole, wiki mbili hadi tatu kabla ya kufika kiwango chake. Mtu anayesema baada ya siku tano kwamba "imeshindwa" anachungulia tangi ambalo bado linajazwa. Levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, hupungua nusu ndani ya saa 6 hadi 8, ndiyo maana hunywewa mara mbili kwa siku. Watu wa Kondoa huniuliza sana kuhusu hili Ramadhani inapokaribia. Kidonge cha usiku hakina ugomvi na saumu. Cha mara mbili kinaweza kupangwa futari na daku, lakini apange na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa kukosa usingizi nako kunashusha ukingo.

Mwezi uliofuata bibi alirudi, na safari hii alikuja na malalamiko. Kijana alikuwa ameanguka tena. Nikaomba bahasha, nikahesabu. Vilibaki vidonge vinne ambavyo havikupaswa kubaki. Ikabidi aeleze: walikwenda msibani Kongwa, wakakaa siku nne, dawa ikasahaulika nyumbani. Kijana hakuanguka msibani. Alianguka siku waliyorudi, na ndugu wakamaliza kesi papo hapo: kuna mtu alimfanyia jambo kule.

Nikamchorea tangi nyuma ya bahasha. Siku nne bila kuongeza, limebaki nusu. Kijana hakuanguka siku ya kwanza kwa sababu tangi lilikuwa bado limejaa. Aliposhuka kwenye basi, na uchovu wa mikesha juu yake, maji yalikuwa yamepita chini ya alama. Bibi aliutazama mchoro muda mrefu. Akasema, "Kwa hiyo tulimroga wenyewe."

Si mara zote kosa ni la familia. Kuna kituo kimoja ambacho dawa iliisha kwa majuma, wakawa wanaambiwa wakanunue nje, na nje bei ni nyingine. Watu wakaanza kukata kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi. Wanadhani nusu ya dawa ni nusu ya kinga. Ukingo hauhesabu hivyo. Kiwango kikiwa chini ya kinachohitajika, mtu anaweza kubeba usingizi wa dawa na bado akaanguka.

Ini nalo lina siasa zake, na hapo nitapita haraka. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali hulichochea liongeze vimeng'enya vya kuchakata dawa. Vimeng'enya hivyo havichagui. Vinasafisha pia homoni za vidonge vya uzazi wa mpango na za kijiti, na mwanamke anapata mimba akiwa na kijiti chake mkononi. Vinapunguza dolutegravir, ARV ya watu wengi leo, ambayo kwa anayetumia kabamazepini hutolewa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Kabamazepini hujichakata hata yenyewe: wiki za mwanzo kiwango chake kinashuka ingawa dozi ni ile ile, ndiyo maana hupandishwa kwa hatua. Ukiwa na dawa nyingine yoyote, iseme dirishani. Hatuwezi kuibashiri.

Valproeti inahitaji sentensi zake. Iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1962 huko Ufaransa, Pierre Eymard alikuwa akijaribu kemikali mbalimbali, na kila aliyoiyeyusha kwenye asidi ya valproiki ilizuia degedege kwa wanyama, hadi ikajulikana kwamba kazi ilikuwa ya kiyeyushio. Inagusa milango ya sodiamu, inaongeza GABA, na inafaa aina nyingi za kifafa. Lakini mama akiwa mjamzito inamwingilia mtoto: karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro ya mwili, na zaidi ya hao huchelewa kukua kiakili. Shirika la Afya Duniani linataka isitumike kwa wasichana na wanawake wanaoweza kupata mimba. Anayeitumia sasa asiiache kwa kusoma hapa. Aende kliniki wiki hii abadilishiwe taratibu, kwa kuwa degedege kubwa wakati wa ujauzito nalo linaua.

Levetirasetamu niliyoitaja juu inashika protini iliyo kwenye vile vifuko vya mwisho wa uzi, ikapunguza umwagaji wa kemikali seli inapozidisha. Ilikubaliwa Marekani mwaka 1999, na mahali inaposhika pakajulikana 2004. Ilikuwa inawasaidia watu miaka mitano kabla wanasayansi hawajajua imekalia kiti gani. Haigombani na ini, lakini kwa wengine inaleta hasira. Mke akisema mumewe amekuwa mkali tangu abadilishiwe dawa, asikilizwe.

Dakika tano

Kemia hii inaeleza pia kwa nini tunahesabu dakika. Tukio la kawaida hukoma lenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu. Likiendelea kupita tano, seli zinaanza kuvuta vipokezi vya GABA kutoka kwenye ukuta na kuviingiza ndani, kama wenye maduka wanaoingiza bidhaa vurugu zikianza sokoni. Vipokezi vya glutameti vinafanya kinyume, vinaongezeka nje. Diazepamu ikifika dakika ya kumi inakuta viti vingi vya kukalia. Ikifika baada ya saa nzima, viti vingi vimeondolewa. Dawa ni ile ile, sindano ni ile ile, mahali pa kushika hapapo.

Kwa hiyo ukiona mtu anatikisika, tazama saa. Ondoa mafiga, mawe, kisu. Mlaze ubavu mate yatoke. Usimtie kijiko mdomoni. Hamezi ulimi, lakini meno yatavunjika na vidole vyako vitaumia. Kitunguu puani hakifiki kwenye kipokezi chochote nilichokitaja. Zikipita dakika tano, au likianza la pili kabla hajazinduka, tafuta usafiri.

Huduma ya kifafa katika vituo vingi vyetu iko chini ya kliniki ya afya ya akili, na hapa Dodoma hilo lina bei yake. Mtu akisema "Milembe" kwenye daladala, abiria wanacheka, na hawaifikirii Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, kama mahali pa kutibiwa milango ya sodiamu. Nina wagonjwa wanaoshuka kituo kimoja kabla na kutembea kwa miguu ili wasionekane wakiingia. Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, karibu asilimia 80 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na hadi asilimia 70 ya wote wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegunduliwa na kupata dawa inayowafaa. Sehemu iliyobaki, kama theluthi moja, dawa mbili zilizochaguliwa vizuri zinawashindwa. Hao wanahitaji daktari bingwa wa neva, vipimo vya picha, na wengine upasuaji.

Bibi alikuwa bado ameshika mchoro wa tangi. Nikamweleza ya GABA kadiri nilivyoweza, kwamba kidonge hakiling'oi kovu lililoko kichwani wala hakiizimi akili, kinakaa pale kuzuia pigo moja lisivute mengine. Akanikatiza.

"Kama kuamia ndege."

Nikamwomba arudie. Akaeleza kama anayemfundisha mtoto: uwele ukianza kukomaa, kwelea kwelea wanashuka. Unampeleka mtoto kwenye kichanja na kombeo. Hawaui, hawezi, ni maelfu. Anapiga kelele, wanapita. Siku akiacha kwenda, kwa kuwa juzi na jana hawakuja, wanakula shamba lote asubuhi moja.

Siku hizi mfano huo nautumia kwa kila mgonjwa mpya.

Halafu akauliza ninachoulizwa na wote: hadi lini? Nikamwambia akikaa miaka miwili mfululizo bila tukio, daktari anaweza kufikiria kupunguza, kidogo kidogo, kwa miezi, kwa fenobabitali hasa taratibu sana, ubongo upate nafasi ya kuzoea kubaki peke yake. Wengine hukaa salama baada ya hapo. Wengine hurudiwa, wanarudi kwenye kidonge.

"Miaka miwili," akasema, "na misiba ilivyo mingi." Akanisukumia bahasha kupitia nondo. "Basi nigawie humo humo, vya siku nne uviweke peke yake. Nichoree basi."

Nikachora mwezi, na pembeni yake basi lenye magurudumu matatu kwa sababu nafasi iliisha. Akafunga bahasha ya nyumbani kwenye pindo la kulia, ya safari kwenye la kushoto.